Alama zimepanda na vijiti vimeongezeka, je mafunzo ya uzazi wa mpango yamefanikiwa?

Swali: "Shikamoo mama. Mimi ni mratibu wa afya ya uzazi na mtoto kwenye halmashauri moja huku kanda ya ziwa. Mwezi wa tatu tulipeleka watumishi 28 wa zahanati na vituo vya afya kwenye mafunzo ya uzazi wa mpango ya siku 10. Mtihani wa kabla walipata wastani wa 51, wa baada 86. Nimefungua kitabu namba 8 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), kile cha uzazi wa mpango, naona vijiti vya kuzuia mimba vinavyowekwa mkononi vimepanda karibu mara mbili ndani ya miezi mitatu. Mfadhili anataka ripoti ya tathmini mwisho wa mwezi ujao. Je hizo namba zinatosha kusema mafunzo yamefanikiwa? Na kama hazitoshi nifanye nini, maana pesa iliyobaki ni ya mafuta ya gari na posho ya watu wawili tu."

Marahaba mwanangu, na pole na majukumu, najua kazi ya mratibu ilivyo, chanjo inakusubiri, kikao cha vifo vya wajawazito kinakusubiri, afu na ripoti juu yake.

Jibu langu fupi ni hapana, hazitoshi. Na ile ya vijiti kupanda mara mbili mi ingenitia wasiwasi kwanza kabla sijaifurahia. Ntakueleza kwanini, na ntakwambia cha kufanya kwa hayo hayo mafuta uliyonayo, maana inawezekana kabisa.

Tuanze na mitihani tuimalize haraka. Mtihani wa baada unafanywa siku ya kumi mchana, mtu bado ana semina nzima kichwani, maswali ni yale yale ya siku ya kwanza, na mwenzake kakaa pembeni. Kutoka 51 kwenda 86 kunakwambia walimu walifundisha na watu walisikiliza, ni jambo jema, ila linaishia hapo. Kuna Mmarekani anaitwa Donald Kirkpatrick, mwaka 1959 aliandika kwamba mafunzo yapimwe kwa ngazi 4: mtu ameyapokeaje, amejifunza nini, akirudi kazini anafanya kipi tofauti, na mwisho kuna matokeo gani. We umepima ngazi ya pili ukarukia ya nne, ile ya tatu hujaigusa, na ndo daraja lenyewe. Vijiti vinaweza kupanda bila nesi hata mmoja kubadilika, na nesi anaweza kubadilika kabisa na vijiti visipande.

Ila zile karatasi usizitupe. Wastani unaficha mambo. Kaa nazo jioni moja, hesabu swali kwa swali ni wangapi kati ya 28 walikosa hata baada ya kufundishwa. Angalia mfano swali la mama anayenyonyesha mtoto wa miezi miwili na anataka vidonge vyenye vichocheo viwili, WHO wanamweka kundi la 3, yani kwa kawaida asipewe, kwa sababu yuko kati ya wiki 6 na miezi 6. Au mteja wa sindano ya miezi mitatu kachelewa wiki tatu, WHO wanaruhusu achomwe mpaka wiki 4 baada ya tarehe yake bila kumzungusha. Au mama kajifungua jana na anataka kijiti, tangu toleo la mwaka 2015 la mwongozo wa WHO anaweza kuwekewa hata kama ananyonyesha, wakati zamani aliambiwa asubiri wiki 6, na wauguzi wengi waliosoma kabla ya hapo bado wanawaambia kina mama warudi baadae. Wanarudi wakiwa na mimba. Swali moja la namna hiyo likikoswa na watu kumi, lina habari nzito kuliko huo wastani wa 86, na unajua ni zahanati gani hizo kumi, unaweza kuwapigia simu leo leo.

Sasa vijiti.

Kabla hujasema ni mafunzo, jiulize mambo mengine yaliyotokea ndani ya hiyo miezi mitatu. Kulikuwa na huduma za mkoba? Mara nyingi shirika linakuja na timu yake siku mbili, linaweka vijiti vya kutosha, vinaandikwa kwenye kitabu cha zahanati, na wewe huku ofisini unaona mstari umepanda. Bohari ya dawa ilileta mzigo baada ya kuishiwa muda mrefu? Basi uliowaona ni waliokuwa wanasubiri. Msimu je? Kina mama hawaji kliniki wakati wa kupalilia, wanakuja baada ya mavuno. Kwa hiyo usilinganishe miezi mitatu na mitatu iliyotangulia, vuta kwenye DHIS2, ule mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, miezi 12 ya nyuma, uweke alama kwenye miezi ambayo dawa ziliisha na miezi ambayo mkoba ulipita. Na uweke pembeni zahanati ambazo hazikupeleka mtu. Kama nazo zimepanda vile vile, basi kilichopandisha sio semina.

Haya mambo nayasisitiza kwa sababu nchi nzima tumefanya semina nyingi sana. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa 2015-16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake walio kwenye ndoa wanatumia njia ya kisasa, ule wa 2022 ukakuta 31. Katikati hapo kuna maelfu ya watumishi wamekaa kwenye kumbi, wamefanya mitihani ya kabla na baada, na karibu wote wamefaulu. Sisemi semina hazina maana, mimi mwenyewe nimezifundisha kwa zaidi ya miaka 20. Nasema tumekuwa tukipima mahali ambapo kufaulu ni rahisi.

Na kuna la pili, ambalo kwangu ni kubwa zaidi. Uzazi wa mpango sio chanjo. Kwenye chanjo watoto wengi zaidi wakichanjwa, kazi imekwenda vizuri. Huku njia moja ikipanda ghafla inabidi uulize ilipanda kwa gharama ya nini. Muuguzi katoka semina, kajifunza kuweka kijiti, ana hamu, amepewa na lengo la mwezi, mama kaja anataka sindano anaondoka na kijiti. Kwenye kitabu hiyo ni ushindi, kwa huyo mama sio ushindi. Judith Bruce alipoandika mwaka 1990 vile vipengele 6 vya ubora wa huduma za uzazi wa mpango, cha kwanza kabisa aliweka uchaguzi wa njia. Kwa hiyo fungua tena hicho kitabu namba 8, safari hii usisome vijiti peke yake, soma sindano, vidonge, kondomu, kitanzi, waliopewa rufaa ya kufunga kizazi, zahanati moja moja. Ukikuta zahanati ambayo vijiti vimepanda na kila kitu kingine kimekauka, hiyo ndo ya kwanza kutembelea.

Afu soma waliokuja kutolewa vijiti.

Hapo ndo nataka ukae, maana kama ungenipa kitu kimoja tu cha kupima mafunzo ya uzazi wa mpango kwenye zahanati zetu ningechagua hicho, kutoa. Nikupe kisa, zahanati sitaitaja wala wilaya. Tulikuwa tunafuatilia wauguzi miezi sita baada ya mafunzo kama ya kwako. Muuguzi mmoja alikuwa kwenye watatu bora wa mtihani wa baada. Kitabu chake kisafi, mwandiko mzuri, vijiti arobaini na kitu ndani ya nusu mwaka. Waliotolewa, hakuna hata mmoja. Nikamuuliza mbona hakuna, akasema hawaji mama, wanavipenda. Nikakubali, nikaandika. Natoka nje nikakuta mama mmoja kakaa kwenye benchi la chanjo na mtoto mgongoni, tukasalimiana, tukaongea ya mvua na ya mtoto, nikamuuliza anatumia njia gani. Akapandisha mkono wa gauni akanionyesha mkono wa kushoto, pembeni ya kijiti kuna kovu jembamba, jeusi, kama urefu wa punje mbili za mchele. Akasema damu ilikuwa inamtoka kila wiki, miezi minne, shamba haendi, nyumbani hakuna amani, kaja hapo mara tatu atolewe. Mara ya kwanza akaambiwa avumilie mwili utazoea. Mara ya pili akaambiwa muda wake bado, kijiti ni cha miaka mitatu. Mara ya tatu akaambiwa aje na mume. Ndo jirani yake akajaribu na wembe, jikoni, akashindwa, kikabaki.

Nilirudi ndani. Sikumgombeza yule muuguzi, nilimwambia tu dada naomba nionyeshe trei yako ya kutolea vijiti. Akanyamaza kidogo, akaenda akaleta beseni la chuma, ndani kuna koleo moja ncha zimepinda, hilo hilo wanabania kitovu leba, visu hakuna, ganzi chupa moja na imeshapita muda. Na akaniambia polepole anaangalia chini, kwamba kule semina alitoa kijiti mara moja tu kwenye mkono wa sponji, kwa mtu hai hajawahi, na kinachomtisha ni aanze afu kijiti kimpotee mbele ya mteja. Huyu hakuwa mtu mbaya. Yale maneno ya muda bado na njoo na mume yalikuwa yanaficha hofu yake na lile beseni.

Sasa niambie, tathmini ya mtihani na kitabu ingemwonaje? Ingemweka juu kabisa. Na hata kama ingemgundua ingeandika kwenye mapendekezo kwamba wauguzi waongezewe mafunzo, wakati alichohitaji ni koleo lenye ncha nzuri, visu, ganzi, na mtu mzoefu wa kusimama naye bega kwa bega kwa wateja watatu wanne wa mwanzo. Tulimpelekea hivyo. Yule mama wa kwenye benchi ndo alikuwa wa kwanza, nilisimama pembeni nikiwa nimeshika mkono wake mwingine, muuguzi akachoma ganzi chini ya kijiti, akasukuma ile ncha ya juu kwa kidole mpaka ncha ya chini ikatokeza kwenye ngozi, akachana milimita mbili, kikatoka. Dakika chache tu. Mama akaomba akione, akakishika, akasema kumbe ni kidogo hivi.

Kwa hiyo ukienda kwenye zahanati zako kila unapokuta kitu hakifanyiki, usiandike tu hakifanyiki. Tafuta ni kwa sababu gani, na sababu ziko nne tu ninazozikuta kila siku: hajui, anajua ila mikono haijazoea, hana vifaa, au ana vyote ila moyoni anaamini vingine. Semina inatibu ya kwanza, na ya pili kidogo. Hizo mbili zingine haizigusi, na ripoti isiyozitenganisha itampelekea mfadhili bili ya semina nyingine.

Haya, tuje kwenye mafuta yako na watu wako wawili.

Kabla ya gari, simu. Wapigie wote 28, au wasalimie kwenye grupu lenu la WhatsApp, uliza kila mmoja leo yuko chumba gani. Usishangae ukikuta wengine wamehamishwa, wengine wamekwenda kusoma, mwingine mganga mfawidhi kampeleka OPD (wagonjwa wa nje) na chumba cha uzazi wa mpango kakaa mtu ambaye hakwenda. Namba hiyo, kwamba kati ya 28 wangapi bado wanatoa huduma waliyofundishwa, haina gharama yoyote na karibu hakuna ripoti inayoiandika. Hao waliohamishwa sio kosa la mafunzo ila ni hasara ya mafunzo, na mganga mkuu wa wilaya ndo mwenye uwezo wa kuizuia, mpe kwa maandishi.

Baada ya hapo chagua zahanati nane. Usichague za karibu na lami, ndo kishawishi chetu sisi sote. Andika majina yote kwenye vikaratasi, za mbali kwenye kopo lake, za karibu kwenye lake, chota nne nne. Siku moja zahanati moja au mbili, kwa siku ya kliniki, sio siku ambayo hamna mtu. Watu wawili: mmoja wewe au mwenzako mkunga mzoefu, anakaa ndani na muuguzi. Wa pili anakaa nje, mbali kidogo, chini ya mti, na huyo asiwe bosi wa mtu, asivae sare, na ikiwezekana awe mwanamke anayeongea lugha ya hapo.

Huyo wa nje ndo ana kazi kubwa. Asimuulize mama kama ameridhika na huduma. Ataambiwa ndiyo. Kina mama wetu wana adabu, na muuguzi ni mtu wa kijijini kwao atakayemzalisha kesho, unategemea aseme nini? Aulize mambo yaliyotokea, sio hisia. Kuna maswali matatu yanatumika hata kwenye tafiti za kitaifa za nchi nyingi: alikwambia kuhusu njia nyingine zaidi ya hii? Alikwambia maudhi madogo madogo unayoweza kuyapata? Alikwambia ufanye nini ukiyapata? Siku hizi wanaongeza la nne, alikwambia unaweza kubadili njia kama hii hukuipenda? Unahesabu tu waliosema ndiyo kwa yote, aliyesema ndiyo kwa matatu na hapana kwa moja hahesabiwi. Mi huwa naongeza na la kwangu la tano, ulipotoka nyumbani ulikuwa unataka nini, na umepata nini? Kama ni tofauti, ilikuwaje? Hilo swali la tano linafungua midomo. Mmoja aliwahi kuniambia nilitaka sindano sista akasema sindano zimeisha, na mimi nimetoka kuziona kwenye kabati dakika kumi nyuma.

Na aulize pia wale wanaoondoka bila kitu. Hao hawako kwenye kitabu kabisa, kitabu kinaandika aliyepewa, aliyerudishwa hana mstari wake. Wengi wao utasikia wameambiwa waje wakiwa kwenye siku zao. Hili jambo linaniumiza miaka yote, mama katembea saa mbili na jua, anarudishwa kwa sababu hajaingia mwezini, wakati kuna karatasi ya maswali 6 ya kuhakikisha kwamba mtu hana mimba. Umejifungua ndani ya wiki 4? Mtoto hajafika miezi 6, ananyonya maziwa yako tu, na hujaona siku zako? Hujakutana na mwanaume tangu siku zako za mwisho au tangu ujifungue? Siku zako zimeanza ndani ya siku 7 zilizopita? Mimba imetoka ndani ya siku 7? Unatumia njia ya kuaminika na kwa usahihi? Ndiyo moja tu, na hana dalili za mimba, apewe njia leo (kwa kitanzi ile ya siku zake inakwenda mpaka siku 12). Wenzetu Kenya waliijaribu kwa wateja wa kliniki, matokeo yakachapishwa 1999, kati ya wanawake ambao karatasi ilisema hawana mimba, zaidi ya 99 kwa kila 100 kweli hawakuwa nayo. Kwa hiyo huyo wa ndani atazame ukutani, karatasi ipo? Na asiishie ukutani maana nimeziona nyingi zimebandikwa vizuri na hazitumiki, amwambie muuguzi hebu chukulia mimi ndo mteja, mwezi wangu ulikuwa wiki tatu nyuma, nataka kijiti. Afu anyamaze asikilize.

Hizo hadithi za kuigiza ndo njia nzuri ya kuona anachoamini pia. Ukimuuliza moja kwa moja unamhudumia binti ambaye hajazaa? atakujibu kama kitabu kinavyosema. Mpe kisa. Binti wa miaka 19, hajazaa, anajifunza ushonaji, kaja peke yake anataka kijiti, utamwambia nini? Nimewahi kusikia muuguzi kapata 90 kwenye mtihani anasema ntamwambia asubiri azae kwanza mmoja. Au mama wa watoto watano anataka sindano mumewe asijue. Hakuna mahali mwongozo wetu unadai saini ya mume ili mwanamke apewe sindano au kijiti, na kwenye mtihani wote waliandika hivyo. Chumbani wanaambiwa vingine. Imani hazibadiliki kwa pawapointi, zinabadilika muuguzi mwenzao wanayemheshimu akikaa nao na kuongea kwa upole, tena zaidi ya mara moja.

Mikono. Kama mteja yupo na amekubali, mwangalie muuguzi akifanya kwa mtu, kama hayupo beba mkono wa modeli. Beba na cheklisti ile ile iliyotumika kwenye mafunzo, usitunge mpya. Mambo ninayoyakazia macho kwenye kijiti ni mawili matatu. Mahali: kwa kile cha fimbo moja inatakiwa sentimita 8 mpaka 10 juu ya kifundo cha ndani cha kiwiko, na sentimita 3 mpaka 5 nyuma ya ule mfereji kati ya misuli, maana kwenye mfereji kunapita mishipa ya damu na neva, na wengi waliofundishwa zamani bado wanaweka mferejini. Kina: sindano iinue ngozi, uione ngozi imenyanyuka, kikizama kwenye msuli atakayekitoa atapata shida sana. Na mwisho kabisa, baada ya kuweka, muuguzi akipapase na amshikishe mteja mwenyewe akipapase. Ukiona hicho kitendo cha mwisho ujue mafunzo yameingia. Ni kidogo, hakuna mtu anayekifanya kwa ajili ya kukuridhisha wewe msimamizi, kinafanywa na mtu aliyeelewa kwamba mkono ni wa yule mama.

Kitanzi ntapita haraka. Zahanati inayopata mteja mmoja wa kitanzi kwa miezi miwili, muuguzi wake ujuzi utampotea hata kama alikuwa hodari, hapo hakuna kosa la mtu. Ukiikuta hivyo pendekeza awe anakwenda kituo cha afya siku za kitanzi akashike na wenzake.

Vifaa vihesabu kwa macho yako, usiulize. Trei nzima ya kutolea ipo au haipo, ganzi haijaisha muda, vifaa vinatakaswaje, njia ngapi ziko kabatini leo. Zahanati yenye sindano na kondomu tu haiwezi kumpa mtu uchaguzi hata muuguzi wake afundishwe siku mia.

Kuhusu mteja wa siri, najua kuna watu watakushauri, kwamba umtume mwanamke ajifanye mteja. Inafaa, inaonyesha mambo ambayo hakuna njia nyingine inayoonyesha, ila kwa hali yako mi ningeiacha. Inahitaji kibali, inahitaji watumishi wawe wamejulishwa mapema na kukubali kwamba kuna siku ndani ya miezi kadhaa atakuja mtu wa namna hiyo, na inahitaji mwanamke aliyefundishwa kukwepa asichomwe wala kuwekewa kitu. Ukifanya kienyeji wauguzi watajiona wametegwa na hawatakuamini tena. Na kama una mpango wa kuja kuandika makala ya kitafiti kutokana na kazi hii, ongea na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, mapema kabla hujamuuliza mteja hata mmoja, kibali hakiombwi nyuma.

Kama mna kundi la pili linakwenda mafunzo mwaka huu, tafadhali usipoteze hiyo nafasi. Nenda kwenye zahanati zao SASA kabla hawajakwenda, uliza yale yale maswali matano, angalia trei zile zile. Watakuwa kipimo cha kundi la kwanza, na baadae watakuwa kipimo cha wao wenyewe. Ni kitu rahisi mno na kila mwaka tunakiacha kwa sababu tathmini tunaikumbuka mfadhili akiuliza.

Kwenye ripoti usiogope kuandika mabaya. Najua hofu ipo, kwamba ukisema kati ya zahanati nane tano haziwezi kutoa kijiti pesa zitakatwa. Uzoefu wangu ni kwamba mfadhili anayesoma wastani umepanda kutoka 51 hadi 86 anaifunga ripoti anaiweka kabatini. Anayesoma kwamba wauguzi wanajua, ila zahanati tano hazina koleo wala visu, na tunaomba seti tano pamoja na mkunga mmoja wa kuzunguka nao kwa miezi miwili, huyo anapiga simu kuuliza bei. Weka alama za mitihani kwenye mstari mmoja mwanzoni. Kurasa zinazobaki wape kina mama wa chini ya mti, kwa namba zao na kwa maneno yao, bila majina. Na usiandike kwamba mafunzo yameongeza vijiti mara mbili. Andika kwamba vijiti vimeongezeka, na useme ni nini kingine kilikuwa kinatokea wakati huo huo.

Kesho asubuhi kabla hujafanya lolote fungua kile kitabu cha zahanati yenye vijiti vingi kuliko zote, hesabu waliotolewa tangu mwezi wa tatu, uniandikie hiyo namba. Na kama ni sifuri usisubiri ratiba ya tathmini, beba ganzi, koleo na visu uende wiki hii hii, maana kuna mtu huko anasubiri.